Samaki wageni wakae kando kwanza

Vikundi vingi vya wamama vinafuga samaki kwenye mabonde ya hapa Bunia, na wakati wa kununua vifaranga kila mtu anauliza bei. Sisi tunauliza lingine: mkifika nao, mnawamwaga wapi? Wengi wanafungua bidoni na kuwachanganya palepale na samaki wa zamani. Hapo pesa ya likelemba na karo ya watoto vinaingia hatarini, maana samaki mmoja mgonjwa anaweza kuambukiza wote, na kutibu kidimbwi kizima ni kazi ngumu.

Ugonjwa mmoja unatutia hofu zaidi. Ni kirusi kinachoshika tilapia, wale tunaowaita ngege, na kilitambuliwa Israel mwaka 2014. Mwaka 2018 watafiti waliandika kwamba wamekikuta kwa ngege wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania. Uganda ni hapo tu, ng'ambo ya Ziwa Albert. Dawa yake haipo. Kinachobaki ni kuwatenga wageni.

Chimbeni kidimbwi kidogo, mita moja kwa mbili, kina cha magotini. Kiwe chini ya kile kikubwa, kamwe kisiwe juu yake, ili maji yake yasishuke kwa samaki wazima. Kama vifaranga ni wachache, pipa la plastiki linatosha, lakini lisiwe lililobeba mafuta au dawa ya shamba. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi siku mbili kwanza. Tumbukizeni mfuko wa vifaranga ukiwa umefungwa kwa robo saa, kisha ongezeni maji mapya kidogo kidogo, ndipo muwaachie.

Wakae humo wiki tatu. Wapeni chakula kidogo, na mabaki yaondolewe. Kwenye pipa, badilisheni theluthi moja ya maji kila siku, kwa sababu uchafu wa samaki wenyewe unageuka sumu. Mwageni maji hayo kwenye migomba. Ndoo na wavu wa hapo visiguse kidimbwi kikubwa. Na tafadhali, msitumie chandarua cha mbu kama wavu: ile dawa inayoua mbu inaua samaki pia, na chandarua ni cha watoto.

Kila asubuhi angalieni. Je, kuna madoa meupe kama chembe za chumvi? Ukungu kama pamba? Anajikwaruza, au anahema juu ya maji? Huyo mtoeni, mumweke katika beseni lenye gramu 3 za chumvi ya jikoni kwa kila lita, yaani gramu 60 kwa bidoni la lita 20. Chumvi inasaidia kwa ukungu na wadudu wa ngozi, haisaidii kwa kirusi. Wakianza kufa wengi, msihamishe hata mmoja. Mwiteni veterineri, na wafu wazikwe mbali na maji.

Wiki tatu zikipita bila ugonjwa, wahamisheni. Kidimbwi kidogo mkikaushe juani mpaka udongo upasuke, kabla ya kuleta wengine.