Likizo ya Kisiwa cha Ugiriki: Kwa Nini Tungechagua Rhodes

Ugiriki ina visiwa zaidi ya 200 vinavyokaliwa na watu, na aliyedunduiza fedha zake miaka mitatu anaweza kuupoteza wa nne kwa kuchagua kimoja tu. Picha zinazotufikia kwenye simu huwa ni zile zile za Santorini, nyumba nyeupe na kuba za buluu juu ya jabali. Hatuna ugomvi na Santorini. Lakini kwa familia ya Kiislamu inayotaka bahari, mambo ya kutazama na mahali pa kusujudia, rai yetu ni kwamba Rhodes ndiyo inayostahili nauli.

Sababu yetu imo katika historia. Tangu mwaka 1309 kisiwa hiki kilitawaliwa na askari wa Kikristo wa Mtakatifu Yohana, ambao ndio waliojenga kuta nene zinazouzunguka mji hadi leo. Mwaka 1522 Sultani Suleiman aliuzingira mji kwa miezi sita. Ulipokubali kusalimu amri, aliwapa askari hao amani, wakaondoka kwa merikebu zao. Waturuki walikaa karibu miaka 390, mpaka Waitalia walipokitwaa kisiwa mwaka 1912. Utawala huo wa Italia ndio ulioibakisha jamii ya Kiislamu. Ugiriki na Uturuki zilipokubaliana mwaka 1923 kubadilishana watu kwa misingi ya dini, Waislamu wa Crete waling'olewa makwao wote. Wale wa Rhodes na wa Kos hawakuguswa, kwa kuwa visiwa vyao havikuwa vya Ugiriki wakati ule. Viliunganishwa nayo mwaka 1947. Wajukuu wao wangalipo. Ndani ya Mji wa Kale, msikiti wa Ibrahim Pasha uliojengwa mwaka 1531 bado unasaliwa.

Misikiti mingine mingi ya zama hizo imefungwa, na msomaji ajiandae kwa hilo ili moyo usimvunjike. Ule wa Suleiman, wenye kuta za rangi ya waridi, hutazamwa zaidi kwa nje. Mkabala nao ipo maktaba ya Hafiz Ahmed Agha, iliyowekwa wakfu mwaka 1793, yenye miswada ya Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Wenye watoto wa madrasa tungewahimiza wasiipite. Ulizeni hotelini mapema saa zake za kufunguliwa.

Mji wa Kale wenyewe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1988, na aliyekulia Mombasa au Lamu hatajiona mgeni sana: vichochoro, matao, vibaraza, ngome inayotazama bahari. Tofauti iko chini ya miguu. Njia zimetandazwa kokoto za baharini zilizosimamishwa wima, na viatu vya visigino havifai kabisa. Umbali wa kilomita 50 hivi kusini ni Lindos, ambako magofu ya hekalu la Athena yamekaa juu ya jabali la mita 116. Wageni wavivu hupandishwa kwa punda, jambo ambalo halitamshangaza mtu wa Lamu. Pandeni asubuhi na mapema, kwani juu hakuna kivuli cha kutegemewa.

Sasa tuje kwenye kalenda, ambapo mipango mingi huvurugika. Miezi mizuri ya Rhodes ni Mei, Juni, Septemba na Oktoba, nayo yote watoto wetu wako shuleni. Aprili bahari bado ni baridi; Desemba hoteli nyingi za ufuoni zimefungwa. Hubaki Agosti, mwezi wa joto kali na bei za juu. Ikiwa hapana budi, tungesubiri ipite tarehe 15, sikukuu kubwa ya Wagiriki, ambapo feri na vyumba hujaa pomoni. Kwa bahati njema, saa ya kiangazi ya Ugiriki ni sawa na yetu, ila jua haliifuati saa. Mwishoni mwa Agosti Adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana, Maghribi karibu saa mbili usiku, na Isha baada ya saa tatu. Kibla nacho si kaskazini kama tulivyozoea Mombasa. Kule mtaelekea kusini-mashariki.

Karatasi zianze kabla ya masanduku. Mkenya huhitaji viza ya Schengen, na maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibakize miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Wadogo zaidi hawalipiwi. Ada hiyo hairudishwi mkikataliwa. Kwa familia ya watu sita hizo ni fedha nyingi za kuhatarisha, ndiyo maana tunasisitiza: wekeni nafasi ya hoteli inayoweza kufutwa bila malipo, na tiketi ya ndege msiilipe kabla viza haijabandikwa. Mama anayesafiri na watoto bila baba yao abebe vyeti vya kuzaliwa na idhini ya maandishi ya baba.

Akina mama wametuuliza zaidi kuhusu ufuo. Tuseme wazi: kule watu huvaa kidogo sana, na wengine chini ya hapo. Hakuna sheria ya nchi inayomkataza mwanamke kuingia baharini kwa vazi la kufunika mwili, lakini hoteli huweza kuwa na masharti yake juu ya bwawa, basi ulizeni kwa maandishi kabla ya kulipa. Epukeni Faliraki, iliyojengewa sifa ya ulevi na kelele za usiku. Pwani ya mashariki ina maji matulivu na mchanga. Ya magharibi ina upepo na changarawe. Tsambika, upande wa mashariki, ina mchanga laini unaowafaa watoto, na saa mbili asubuhi ufuo huwa karibu mtupu.

Chakula kinataka macho. Mishikaki iitwayo souvlaki, na nyama ya kuzungusha iitwayo gyros, mara nyingi ni nguruwe, na neno la kulikariri ni hirino. Wengi wetu tutaona wepesi kubaki na samaki, maharagwe, jibini, zeituni na mboga, huku tukiuliza kama mchuzi umetiwa mvinyo. Pweza mtamkuta ameanikwa juani kwenye kamba kabla ya kuchomwa, na wa kwetu watamla kwa furaha. Samaki huuzwa kwa kilo. Apimwe mbele yenu, au hesabu itawatoa jasho.

Julai 2023 moto wa msituni uliwaka siku nyingi kisiwani, na watu wapatao 19,000, wengi wao watalii, wakahamishwa. Kwa hivyo someni bima yenu kama inagharimia kuhamishwa kwa ghafla, na hifadhini nambari ya dharura, 112.

Lipo jambo moja zaidi. Kutoka bandari ya Rhodes mtaiona Uturuki kwa macho, na feri za Marmaris hufika kwa saa moja hivi. Misikiti na chakula cha halali viko pale ng'ambo, na kishawishi ni kikubwa. Lakini kuvuka ni kutoka Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja hataruhusiwa kurudi kisiwani, na mizigo yake itabaki hotelini. Mnaotamani safari hiyo, ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja tangu mwanzo, na mtazame masharti ya Uturuki mngali nyumbani.