Hasira ya Njiani

Endarasha, katika Kaunti ya Nyeri, ni mahali pa wakulima, penye baridi itokayo katika milima ya Nyandarua. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda, watu huenda kwa miguu kando ya barabara, nayo malori na matatu huwapita karibu.

Mathalani, mkulima avuka barabara na debe lake la maziwa. Mara gari latokea mbio katika ukungu. Mkulima aruka pembeni, maziwa yote yamwagika. Yeye mwenyewe hakuumia hata kidogo, lakini dereva hata pole hasemi. Ndipo mikono yaanza kutetemeka, na bila kufikiri mkulima aokota jiwe.

Yafaa kujua hasira hiyo yatoka wapi. Katika mwaka 1915 Walter Cannon, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alitoa kitabu akaeleza ya kuwa mtu akiogopa au akikasirika, tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, na misuli hupata nguvu za kupigana au kukimbia. Basi hatari ikiisha ghafula, nguvu zile hubaki mwilini bila kazi, na hofu hugeuka kuwa hasira. Hazitulii mara moja, huhitaji muda.

Jiwe halimfundishi dereva kitu. Likivunja kioo laweza kumwumiza abiria asiye na kosa, na atakayepelekwa mahakamani ni aliyelirusha. Mwenye busara huitazama namba ya gari, kisha huketi mbali na barabara, akavuta pumzi polepole mpaka mikono itulie. Halafu huenda kituo cha polisi akataja namba, saa na mahali. Sheria ya Kenya hairuhusu gari kupita kilomita 50 kwa saa katika miji na vituo vya biashara. Na hata kwa mwendo huo gari hukata karibu mita 14 kwa nukta moja. Kwa sababu hiyo yampasa mwenye kwenda kwa miguu naye avae nguo za rangi inayong'aa penye ukungu, na atembee akiyaelekea magari yajayo.

Liko jambo moja tena, nalo ni kubwa. Dereva amekwisha kwenda zake, wala hana habari. Mkulima arudipo nyumbani, mtoto humwuliza, "Baba, fedha za maziwa ziko wapi?" Asipojihadhari, kofi alilomwekea dereva litampata mtoto. Heri aseme kweli: "Mwanangu, leo nimeponea chupuchupu. Niliogopa sana." Mkewe atampa pole na chai ya moto, naye atacheka kidogo, kwa kuwa debe tupu si kitu mbele ya uhai wake.