Nani Atavuta Pazia?

Hebu nianze kwa kuungama. Mwaka jana Chama chetu cha Kiswahili kilipoandaa mchezo wa kuigiza, kazi niliyopewa mimi ilikuwa kuvuta pazia. Nami nilitaka kuwa mfalme! Basi nikanuna. Onyesho la mwisho lilipokwisha, nilikuwa nje nikipiga gumzo, na mfalme wetu, ambaye alikuwa amekwisha kufa, akabaki amelala jukwaani mbele ya watu hadi akapiga chafya. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mchezo wenyewe ulikuwa wa huzuni.

Waigizaji wetu walikuwa hodari, si utani. Kila mmoja aliyajua maneno yake. Sasa tuliharibu wapi? Mwalimu wa michezo hakunikaripia. Alinisimulia habari za Ben Jipcho.

Ilikuwa Oktoba 1968, Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, fainali ya mita 1,500. Kipchoge Keino alikabiliana na Mmarekani Jim Ryun, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia. Ryun alikuwa na silaha moja kali: kukaa nyuma, kisha kufyatuka kama mshale kwenye mzunguko wa mwisho. Mkifika huko bega kwa bega, kwisha habari yako. Isitoshe, Keino alikuwa akiugua mfuko wa nyongo.

Dawa ilikuwa moja tu: mbio ziwe kali tangu mwanzo, ili Ryun aachwe mbali asiweze kuliziba pengo. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi kama ile Keino aliizoea kwao Nandi. Lakini anayeongoza kwa kasi hiyo hujimaliza mwenyewe. Jipcho akakubali kujimaliza. Alichomoka akaumaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi, Keino akimfuata, kisha Keino akampita akaenda zake. Alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Ryun alikuja wa pili, sekunde 2.9 nyuma. Na Jipcho je? Wa kumi.

Wapo wasemao kwamba Jipcho alitumiwa tu. Mimi siafiki. Mtu aliyetumiwa ni yule asiyejua mpango. Jipcho aliujua, na Keino naye alijua mwenzake amemlipia nini. Wala hakubaki kivulini milele: Munich mwaka wa 1972 alitwaa fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino yule yule, na Christchurch mwaka wa 1974 alinyakua dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola. Hapo ndipo vikundi vingi vya shuleni huvunjika, jamani. Tunamtaka mtu ajitolee leo, lakini zamu yake haifiki kamwe.

Mfano wa juzi ni wa Eliud Kipchoge, mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akisaidiwa na wawekaji kasi 41 waliopokezana, watano mbele yake na wawili nyuma. Wengi wao walikuwa wakimbiaji wa kutajika. Waliokuwa mbele walimkinga upepo, naye hakuhitaji kuisumbua akili yake na hesabu za kasi. Karibu na utepe wakampisha, akamaliza peke yake.

Ukinitazama sana utagundua kwamba mwaka jana hakuna aliyenieleza pazia lina kazi gani, nami sikuuliza. Makosa yalikuwa ya pande mbili, ingawa kwangu yalizidi. Majuzi tulipogawana kazi za mchezo wa mwaka huu, niliomba pazia lile lile. Mfalme wa mwaka jana amekubali kukaa nami nyuma ya jukwaa, kunishikia kamba ya pili. Nafasi ya mfalme imepewa mwanafunzi wa Kidato cha Pili ambaye, nasikia, hapigi chafya ovyo.