Kwa nini uwanja mmoja hauwatoshi wanariadha maveterani

Mashindano ya dunia ya riadha ya maveterani, yaani watu wa miaka 35 na kuendelea, yalianza Toronto, Kanada, mwaka 1975. Mji unaoyaomba hauhitaji uwanja wa viti elfu sitini. Watazamaji wengi huwa ni jamaa za washindani. Unahitaji viwanja vingi vilivyo karibu.

Sababu ni umri. Washindani hupangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Kwa hiyo mbio za mita 100 hurudiwa kundi kwa kundi, mpaka la wenye miaka 90 na zaidi. Tufe la mzee ni jepesi na viunzi vyake ni vifupi, basi vifaa navyo hubadilishwa kutwa. Málaga, Hispania, mwaka 2018 ilipokea washindani takriban 8,000, ikatumia viwanja kadhaa.

Tena hawa kwa kawaida hujilipia nauli na malazi, na hapo ndipo mahali panapoamua nani aje. Kuanzia 1975 hadi 2024, Afrika iliandaa mashindano haya ya uwanjani mara moja tu: Durban, Afrika Kusini, mwaka 1997. Mara nyingine zote, mkongwe wa Iten au Mbulu alihitaji tiketi ya kutoka nje ya bara.