Weka Akiba ya Draiva Kabla ya Kufuta Kompyuta

Wasomaji wa gazeti letu, muhula huu wanachama wa Chama cha Kompyuta tumeulizwa mara nyingi habari ya kusimika mfumo wa Windows upya, yaani kufuta kila kilichomo katika diski na kuanza tangu mwanzo. Sababu yajulikana. Kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na watu wengi wanataka kuhamia Windows 11. Kazi hiyo ni njema, lakini ina mtego wake, nao ni draiva. Nataka kueleza kwa ufupi mtego huo ulivyo, na namna ya kuuepuka.

Draiva ni nini? Si dereva wa gari, ingawa asili ya majina hayo ni moja. Ni programu ndogo ikaayo katikati ya mfumo na kifaa, kama mkalimani akaavyo katikati ya hakimu na shahidi wasiojua lugha moja. Mfumo husema, "Toa sauti." Draiva huligeuza neno hilo liwe amri ambazo kadi ya sauti inazielewa. Mkalimani akikosekana, hakimu yupo na shahidi yupo, lakini kesi haiendi.

Windows huja na wakalimani wake wengi, ndiyo maana kibodi na kipanya hufanya kazi mara moja. Lakini kadi za waifai, kadi za picha, printa na vifaa vingine vingi huhitaji draiva kutoka kwa waliovitengeneza. Draiva hizo hukaa katika diski ile ile unayotaka kuifuta. Ukiifuta, nazo zimekwenda. Na hapa ndipo mtego unapofunga: draiva ya waifai hupatikana katika intaneti, na intaneti haipatikani bila draiva ya waifai. Ni sawa na mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Mwaka jana, wakati wa likizo, niliyaona haya katika duka la jirani yetu anayepiga chapa na kutoa nakala. Fundi alifuta kompyuta yake asubuhi. Jioni Windows mpya ilikuwa tayari, nzuri na safi, lakini haikuiona printa wala waifai. Sahani ya draiva iliyokuja na printa ilikwisha potea zamani. Duka lilikaa siku tatu bila kutoa hata karatasi moja, na miongoni mwa waliorudishwa walikuwamo vijana waliohitaji nakala za vyeti vyao kwa ajili ya kuomba kazi. Fundi yule ni hodari. Kilichokosekana ni kazi ya dakika chache tu kabla ya kufuta.

Kazi yenyewe ni hii:

Kwanza, orodhesha vifaa. Fungua sehemu iitwayo Device Manager, uandike katika daftari aina ya kompyuta na majina ya kadi za waifai, picha na sauti. Kila kifaa kina namba ya utambulisho. Katika namba hiyo, VEN_8086 ni alama ya Intel, VEN_10EC ni Realtek, na VEN_10DE ni Nvidia. Jina la kifaa laweza kutoweka baada ya kufuta, lakini namba haibadiliki.

Pili, toa nakala. Chomeka flashi au diski ya nje, utengeneze ndani yake folda iitwayo Draiva. Kisha fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike:

pnputil /export-driver * E:\Draiva

Herufi E ni ya flashi. Kama yako ina herufi nyingine, andika hiyo. Amri hii imo katika Windows 10 za tangu mwaka 2016 na zote zilizofuata. Hunakili draiva za watengenezaji wa nje tu, kwa kuwa zile za Windows yenyewe zitarudi pamoja na Windows. Kila draiva huwekwa katika folda yake. Humo utaona faili ya .inf, ambayo ni maelezo ya kusimika. Mara nyingi faili ya.sys, ambayo ndiyo programu yenyewe; na faili ya .cat yenye sahihi ya kuthibitisha kwamba haikuchezewa.

Tatu, hakikisha. Ifungue flashi hiyo katika kompyuta nyingine, uone kama folda zimo. Akiba isiyokaguliwa si akiba. Kumbuka pia kwamba amri hii haichukui barua, picha wala kazi zako. Hizo zinakili peke yake.

Nne, rudisha. Windows mpya ikiisha kuingia, chomeka flashi, uandike:

pnputil /add-driver E:\Draiva\*.inf /subdirs /install

Zima na uwashe, kisha urudi Device Manager. Kifaa chenye alama ya manjano na kodi 28 bado hakina draiva. Kitafute kwa ile namba uliyoiandika. Kama intaneti haijapatikana, simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB mara nyingi huweza kuipa kompyuta intaneti bila draiva ya ziada.

Yako mambo manne ya kuangalia. Baadhi ya kompyuta za Intel za kizazi cha 11 na baadaye hazionyeshi diski wakati wa kusimika, mpaka upewe mfumo draiva ya diski kwa kubonyeza Load driver. Basi flashi iwe karibu tangu mwanzo. Tena, draiva za mfumo wa biti 32 hazifai katika wa biti 64, na Windows 11 ni ya biti 64 tu. Tatu, kama unafuta mashine kwa sababu draiva fulani inaizimisha, au kwa sababu ya virusi, usirudishe yale yale yaliyokusumbua. Pakua draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji. Mwisho, jihadharini na tovuti zinazojitangaza kuwa na draiva zote duniani bure. Nyingine huleta na wageni wasioalikwa.

Katika chumba chetu mashine nyingi ni za aina moja, kwa hiyo akiba ya mashine moja yaweza kuzifaa zote za aina hiyo. Nashauri kila aina iwe na flashi yake, iandikwe jina, na ikae katika kabati ya mwalimu. Darasa zima hungoja zamu kwa mashine chache, na mashine moja ikikaa bubu kwa wiki, wako wenzetu watakaokwenda mtihanini bila mazoezi. Wahenga walisema akiba haiozi, na akiba hii haitugharimu zaidi ya flashi moja na subira kidogo.

Mwanachama, Chama cha Kompyuta
Kidato cha Tano