Kazi ya Darasa Ikiingia Mtandaoni, Nani Aijibu?

Tuseme kidato cha tatu katika shule moja ya Nkwenda, wilayani Kyerwa, wamepewa kazi ya Biolojia: waeleze kwa video mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioingia Kagera mwaka 2006 na kuteketeza vibanja vingi. Wanakata mgomba mgonjwa mbele ya simu ya mwalimu, usaha wa njano unachuruzika kwenye shina, na msichana mmoja anaeleza kwa Kiingereza kwamba ua dume likatwe mapema kwa panga. Mwalimu anaipandisha video mtandaoni. Kufika jioni maoni yamejaa: mmoja anasema binti ana kichwa, mwingine anacheka lafudhi yake na kumwita nshomile, jina la utani la Wahaya, ingawa ni Mnyambo, wa tatu anaisifu sura yake. Katikati ya hayo kuna mkulima wa Kaisho aliyeandika mstari mmoja tu: ua dume halikatwi kwa panga, linavunjwa kwa kijiti chenye panda, maana panga ndilo linalohamisha ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Mkulima huyo yuko sahihi, na ndiye peke yake aliyezungumzia migomba. Mfano huu nimeutunga, lakini yeyote anayefuatilia kazi za wanafunzi mtandaoni anaujua mtiririko wake. Hoja yangu ni kwamba maoni ya umma ni sehemu ya somo, kwa hiyo mwalimu anapaswa kuyapanga kama anavyoipanga kazi yenyewe, na kupanga huko kuanze na swali la nani aione kwanza.

Wengi hudhani tatizo ni matusi, na kwamba sifa hazina madhara. Utafiti hauungi mkono dhana hiyo. Mwaka 1996 wanasaikolojia Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichambua kwa pamoja matokeo 607 ya tafiti kuhusu mrejesho, yaani majibu anayopewa mtu juu ya kazi aliyoifanya. Kwa wastani mrejesho uliinua kiwango cha kazi, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo kiwango kilishuka. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyoondoa mawazo ya mtu kwenye kazi na kuyaelekeza kwenye nafsi yake: mimi ni nani, wananionaje, nitaaibika? Kwa mtazamo huo, anayemwambia binti ana kichwa na anayecheka lafudhi yake wanafanya jambo linalofanana zaidi ya wanavyodhani, kwa sababu wote wawili wanamfanya ajifikirie yeye badala ya mnyauko. Ruth Butler, katika utafiti alioufanya kwa wanafunzi wa Israeli na kuuchapisha mwaka 1988, alikuta kuwa waliopewa maelezo tu kuhusu kazi yao waliendelea vizuri na hamu yao ikabaki, lakini waliopewa alama, hata zilipoambatana na maelezo, hawakupata faida hiyo. Idadi ya waliobofya kidole gumba chini ya video ni alama pia, tena inayobadilika kila dakika na kuonwa na darasa zima, na mwanafunzi akishaiona hana muda wa kusoma mstari wa mkulima.

Ndiyo maana nasema hadhira ya kwanza iwe ya watu wanaolijua jambo lenyewe, na Karagwe na Kyerwa zina utajiri mkubwa wa watu hao. Darasa la Biashara likitengeneza simulizi ya sauti kuhusu butura, ile kahawa inayouzwa ikiwa bado mtini kwa bei ya shida, wa kuisikiliza kwanza ni wakulima waliowahi kuuza hivyo na makarani wa vyama vya msingi wanaojua mzani unavyosoma. Darasa la Historia likichora ramani ya Bweranyange, yalikokuwa makao ya watawala wa Karagwe, na kueleza jinsi Rumanyika alivyompokea John Speke mwaka 1861, wazee wa Kinyambo waulizwe kabla ya mtu aliyeko Dar es Salaam au Muscat. Wazee hao huenda hawana simu janja, lakini redio wanayo, na FADECO, redio ya jamii ya Karagwe, ni mlango unaoweza kubishwa. Mpango wa namna hii si ndoto. Young Scientists Tanzania, ulioasisiwa mwaka 2011, huwakutanisha wanafunzi wa sekondari na majaji wanaosimama mbele ya kazi yao na kuwauliza wamepimaje, kwa nini sampuli hii na si ile. Mwanafunzi anayeulizwa hivyo analazimika kurudi kwenye kazi yake. Baada ya hapo mtandao ufunguliwe, kwa sababu kazi imeshasahihishwa na wenye ujuzi na mwanafunzi anajua anachokitetea.

Pingamizi zito ni kwamba kumchagulia mwanafunzi hadhira ni kumfunga mdomo. Silipuuzi, hasa baada ya yaliyotokea Nakuru, Kenya, Aprili 2025. Wasichana wa shule ya Butere walifika kwenye tamasha la taifa la maigizo na mchezo wao, Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Badala yake polisi walitawanya watu kwa mabomu ya machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Shule hiyo hiyo ilikwishapita njia hiyo mwaka 2013, mchezo wao Shackles of Doom ulipopigwa marufuku hadi mahakama ikaingilia. Lakini tazama walichopoteza wasichana wale: hadhira iliyokuja kuwasikia, na majaji ambao kazi yao ni kupima uigizaji. Walichobakiwa nacho ni kelele za nchi nzima kuhusu Malala na serikali, ambamo uigizaji wao haukuonekana kabisa. Serikali iliwanyima hadhira. Ninachopendekeza ni kuwapa iliyo bora, mapema zaidi, bila mtu yeyote kupewa mamlaka ya kuzuia kazi isitoke. Mkulima wa Kaisho anasahihisha, hana kibali cha kutoa wala kunyima, na mwalimu asijipe kibali hicho kwa jina la kuwalinda watoto.

Wengine watasema dunia ni ngumu, watoto wazoee. Kuzoea kukosolewa ni jambo jema, na ukosoaji wa mkulima ni mkali kuliko wa mcheka lafudhi, kwa kuwa unaonyesha kosa ambalo lingemwangamizia mtu kibanja. Kuchekwa kwa namna unavyotamka hakumfundishi mtu kuvumilia hoja. Tena wanafunzi wetu kwa kawaida hawaruhusiwi simu shuleni, hivyo maoni huyakuta likizoni, peke yao, usiku, bila mwalimu. Afadhali mwalimu ayanakili yale yanayogusa kazi, ayalete darasani kwenye karatasi, na wanafunzi wajadili lipi ni la kweli.

Linabaki suala la majina na nyuso. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazowahusu watoto kuwa nyeti, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18, yaani karibu darasa zima. Kazi itoke kwa jina la darasa na shule, mikono na mgomba vionekane, sura zibaki nje, na mzazi aelezwe kabla, si kukabidhiwa fomu tu asaini. Najua wapo watakaolalamika kwamba binti aliyefanya kazi nzuri ananyimwa sifa yake, na lalamiko hilo lina haki ndani yake. Shule imwandikie cheti chenye jina lake kamili na maelezo ya alichokifanya, akitunze, na akifikisha miaka 18 aamue mwenyewe kama anataka jina hilo liunganishwe na kazi ile mbele ya watu wote.