Kuuliza si aibu: Wanafunzi wanaofundishana

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunataka tuongee juu ya jambo moja ambalo familia nyingi hapa kambini zinatuuliza.

Tangu mwaka 2015 Wakongomani wengi wa kambi yetu ya Nyarugusu walisafirishwa kwenda kuishi Marekani. Vijana wao, wengine tulikaa nao dawati moja, waliingia vyuoni huko. Wakipiga simu siku hizi hawaongei sana juu ya theluji wala magari. Wanasema masomo ni mazito, Kiingereza cha mwalimu kinakwenda mbio, na mwingine anasema bora aache tu akafanye kazi kiwandani. Basi wazazi waliobaki huku wanakuja kwetu: "Mwalimu, huyu mtoto tumwambie nini?"

Mwambieni hivi: aulize pale chuoni wanafunzi wanaofundisha wenzao wanakaa wapi, kisha aende. Msaada huo upo, na mara nyingi ni bure. Kinachowazuia wengi ni aibu.

Chuo cha jamii ni chuo gani?

Vijana wetu wengi hawaanzii chuo kikuu. Wanaanzia chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka 2 kilicho karibu na nyumbani, chenye karo ndogo. Cha zamani kuliko vyote vilivyopo sasa kiko Joliet, katika jimbo la Illinois. Kilianza mwaka 1901 kikiwa na wanafunzi 6 tu. Leo Marekani iko na vyuo vya namna hiyo zaidi ya 1,000.

Vyuo hivyo vinapokea karibu kila mtu mwenye cheti cha sekondari au cheti kinacholingana nacho. Utamkuta mama mwenye watoto watatu, mzee aliyefukuzwa kazi, na kijana anayefagia hospitali usiku. Ukimaliza miaka 2 unaweza kutafuta kazi kwa cheti chako, au kuhamia chuo kikuu ukamalizie miaka iliyobaki.

Lakini tuseme ukweli: mlango wa kuingilia ni mpana, wa kutokea ni mwembamba. Wengi wanaoingia wanaacha bila cheti. Na mwanafunzi anayesoma kwa msaada wa karo wa serikali, akianguka masomo mengi, anaweza kunyang'anywa msaada huo. Kwa hiyo anayekwama akanyamaza anapoteza masomo, na pesa pia.

Wanasaidianaje?

Kwa kawaida chuo kinakuwa na chumba chenye meza na viti, na ratiba ukutani. Mwanafunzi msaidizi ni mtu aliyekwisha kulisoma somo lile lile, akapata alama za juu, na mwalimu wake akamsifia. Hakai pale kwa akili zake tu, anafundishwa kwanza namna ya kusaidia. Kiko chama kimoja kinaitwa College Reading and Learning Association ambacho kinathibitisha mafunzo hayo. Kwa ngazi ya kwanza kinataka angalau saa 10 za mafunzo na saa 25 za kusaidia wenzake.

Wengi wanalipwa kwa saa. Baadhi hulipwa kupitia mpango wa serikali uliotokana na sheria ya mwaka 1964, ambao unawapa wanafunzi wenye kipato kidogo kazi ndogondogo hapo hapo chuoni.

Kanuni yao kubwa ni hii: kalamu inabaki mkononi mwa anayejifunza. Msaidizi hakufanyii kazi uliyopewa na mwalimu. Anakuuliza, "Umefika wapi? Hapa kwa nini uliweka jumlisha?" Anakusubiri ufikiri. Ukipata jibu, ni lako, na siku ya mtihani utakuwa nalo.

Aibu waliitoa namna gani?

Hapa ndipo tulipopapenda. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Missouri mjini Kansas City, mwalimu mmoja mama, Deanna Martin, alianzisha mpango mpya. Aliona kwamba ukimwita mwanafunzi ukamwambia "wewe ni dhaifu, njoo usaidiwe", haji. Nani atakubali kuitwa dhaifu mbele za watu? Basi mpango ule ukaacha kutafuta wanafunzi dhaifu, ukatafuta masomo magumu. Somo likiwa ni lile linaloangusha watu wengi, kila aliye katika darasa hilo anakaribishwa, mwenye alama nzuri na mwenye alama mbaya. Mwanafunzi aliyelifaulu zamani anarudi kukaa tena darasani, anasikiliza, anaandika, halafu nje ya kipindi anawakusanya wenzake wanalichambua pamoja. Hapo hakuna wa kumcheka mwenzake, maana wote wamekuja. Mpango huo umeenea hata nje ya Marekani.

Mfano mwingine unatoka Chuo Kikuu cha California, pale Berkeley. Katika miaka ya 1970 mwalimu wa hesabu, Uri Treisman, alijiuliza kwa nini wanafunzi weusi wengi walikuwa wanaanguka hesabu ilhali wenzao wenye asili ya Kichina wanafaulu. Watu walisema eti hawana bidii, eti wazazi wao hawajali. Treisman akawafuatilia mpaka wanapoishi. Kumbe bidii walikuwa nayo! Walikuwa wanasoma saa nyingi, lakini kila mtu peke yake. Wale wengine walikuwa wakimaliza kusoma wanakutana, wanalinganisha majibu, wanakosoana, wanaulizana maswali ya mitihani ya zamani. Treisman alipoanzisha vikundi vya kufanya pamoja hesabu ngumu, wanafunzi weusi waliojiunga walifaulu vizuri zaidi.

Jamani, hapo na sisi tujitazame. Ni vijana wangapi hapa wanajifungia na kibatari usiku kucha, daftari mbele, wamekwama kwenye hesabu moja, na jirani yao ukuta kwa ukuta anaijua?

Na sisi tuliobaki je?

Mnajua wenyewe kwamba mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kuna familia zilizokuwa zimeshahojiwa, zimepimwa afya, zikabaki zinangoja. Maumivu hayo hatuwezi kuyafuta kwa ukurasa mmoja wa gazeti. Ila tunasema hivi: kitu hiki hakihitaji ndege. Kinahitaji watu wawili na swali moja.

Hata vitabu si lazima. Mwishoni mwa karne ya 18, huko Madras, Uhindi, mtu wa Uskoti aitwaye Andrew Bell alikuwa anasimamia shule ya yatima. Alitaka watoto waandike herufi mchangani kwa kidole, ila walimu wake hawakupenda. Akampa kazi hiyo mtoto mmoja wa shule awafundishe wadogo, na ikaenda vizuri. Mchanga hapa kwetu tunao wa kutosha.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kijiji kijaribu hivi:

1. Chagueni somo gumu, msichague mtu dhaifu. Mkisema "leo ni hesabu za sehemu", kila mtu anakuja bila kuona haya.

2. Muwe wachache, 4 au 5. Mkiwa 20 hilo limekuwa darasa lingine, na mwenye haya atajificha nyuma.

3. Anayesaidia asishike kalamu ya mwenzake. Aulize, angoje, ndipo aelekeze.

4. Asiyejua aseme "sijui". Swali liandikwe, mtuletee sisi walimu. Kudanganya jibu ni kumharibia mwenzako mtihani.

5. Chagueni saa na mahali ambapo wasichana wanaweza kufika na kurudi mapema, giza halijaingia.

Hilo la mwisho linawahusu wazazi. Kijana wa kiume akitoka shule anapata muda. Dada yake anaenda bombani, anaenda kuni, anapika, anabeba mdogo mgongoni. Saa ya kusoma inakwisha hajagusa daftari. Mama, baba, tunawaomba saa moja tu, siku mbili kwa wiki. Kaka naye ana mikono, akapange ndoo foleni.

Mzazi mwingine atasema, "Mtoto wangu ndiye mwenye akili, akifundisha wengine atabaki nyuma." Sivyo. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walikusanya tathmini 65 za programu za kufundishana mashuleni. Waliosaidiwa walifanya vizuri zaidi katika mitihani, na waliosaidia nao walilielewa somo zaidi. Hata sisi walimu tunalijua hilo: ukitaka kujua kama umeelewa kitu, jaribu kumweleza mtu mwingine. Ukikwama katikati, bado hujaelewa.

Na ninyi mlio na watoto ng'ambo, wakipiga simu msiwaulize tu kama wametuma pesa. Waulizeni, "Wiki hii ulikaa na nani kusoma?" Akijibu peke yake, mwambieni kesho aende kwenye kile chumba chenye meza. Mwambieni na Wamarekani wenyewe wanakwenda pale, hakuna wa kumcheka.

Vikundi vitakavyoanza vije kutuona shuleni baada ya vipindi, tuwape chaki na mitihani ya zamani tuliyo nayo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukutane mwezi ujao, mbaki salama.